Siku nne za pikipiki ya theluji Svalbard: kiongozi hodari, mashine chakavu

Huu ni mwaka wangu wa saba Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiahirisha safari ya Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo mbali kaskazini katika Aktiki, kwa sababu ya gharama zake. Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga mwishoni mwa mwezi Machi, visingizio viliniishia, tukalipia safari ya siku nne ya pikipiki za theluji inayoanzia na kuishia Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo. Kampuni iliyotuhudumia sitaitaja jina, kwa kuwa bado tunaandikiana kuhusu fedha, na pia kwa kuwa maswali niliyopaswa kuwauliza kabla ya kulipa yanafaa kuulizwa kampuni yoyote inayouza safari za aina hii. Niseme mapema kwamba hatukuvuka bahari iliyoganda, hatukufika mji uliohamwa wa Pyramiden, na muda tuliopoteza tukiwa tumesimama porini, ukiujumlisha, unakaribia siku nzima. Hata hivyo, malalamiko yangu hayahusu barafu.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, lipo kwanza suala la karatasi, ambalo kampuni haikulitaja hata kidogo. Svalbard iko chini ya mamlaka ya Norwei kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 9 Februari 1920, na yenyewe haidai viza, lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maana yake ni kwamba ukipanda ndege Tromsø au Oslo kwenda huko unahesabiwa kuwa umetoka Schengen, na kurudi unaingia upya, hivyo viza ya kuingia mara moja tu itakukwamisha. Shemeji aliomba ya kuingia mara mbili kwa sababu mimi nilikuwa nalijua jambo hilo. Asiyelijua angejikuta uwanja wa ndege na tiketi yake mkononi.

Tangazo la safari lilieleza hivi: siku ya kwanza kupita mabonde ya Adventdalen na Sassendalen hadi fyodi (mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima) ya Tempelfjorden, siku ya pili kuvuka fyodi hiyo juu ya barafu ya bahari na kuendelea hadi Pyramiden, mji wa wachimbaji makaa wa Kisovieti uliohamwa mwaka 1998, siku ya tatu kupanda barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole kutoka milimani, na kuzivuka hadi pwani ya mashariki, siku ya nne kurudi. Juu ya maelezo hayo iliwekwa picha ya pikipiki kumi na kitu zimepangwa mstari mmoja juu ya bahari iliyoganda, mbele ya ukuta wa barafu wa buluu. Picha hiyo ndiyo iliyotuuzia safari, na ndiyo ninayoilaumu zaidi. Maji ya uvuguvugu ya Atlantiki hupita pwani ya magharibi ya Svalbard, na miaka ya karibuni barafu ya fyodi za upande huo imekuwa haitabiriki kabisa. Zaidi ya hayo, gavana wa visiwa, ambaye wenyeji humwita Sysselmesteren, huweka mipaka ya vyombo vya moto kwenye barafu ya bahari katika baadhi ya fyodi wakati wa majira ya kuchipua, ili sili wanaozaa na dubu weupe wanaowawinda wasisumbuliwe. Kampuni iliyo hapohapo mjini inayajua yote hayo. Kuweka picha ile bila neno hata moja la tahadhari ni sawa na mwenye hoteli ya pwani kutangaza ufuo ambao ulikwishaliwa na bahari.

Siku mbili kabla hatujafika ilinyesha mvua. Ninasema mvua, si theluji, kwenye nyuzi 78 kaskazini, mwezi Machi. Kisha baridi ikarudi kwa ghafla na kila kilichokuwa kimelowa kikageuka kioo. Asubuhi ya kuondoka upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba kiongozi wetu, binti wa Kinorwei mwenye misimu sita ya kazi hiyo, alituweka karakana hadi saa nane mchana. Muda huo aliutumia vizuri: alitufundisha kuwasha na kuzima mashine, kuegemea upande wa mlima tunapopita mteremko, kuacha nafasi kati ya pikipiki moja na nyingine, na namna ya kukagua mavazi ya mwenzako. Hili la mwisho nililiona kama la kitoto hadi nilipolielewa. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ukiendesha kwa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 35 chini ya sifuri, na wewe mwenyewe hujui kwamba shavu lako limeanza kuganda, kwa sababu limekwishakufa ganzi. Wa kukuambia ni mwenzako anayeona doa jeupe. Shemeji, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alipata doa la ukubwa wa sarafu chini ya miwani siku ya kwanza tu. Kiongozi alivua glavu, akalifunika kwa kiganja chake mpaka rangi ikarudi, na akamkataza kabisa kulisugua.

Mavazi waliyotupa yalistahili fedha zetu: ovaroli nene, buti zenye soksi ya ndani ya sufu, helmeti na glavu kubwa za kidole kimoja. Vishikio vya usukani vilipashwa joto kwa umeme wa mashine, isipokuwa cha kulia cha pikipiki yetu, ambacho kilikuwa kimekufa. Niliripoti karakana. Niliambiwa kitapata joto tukishaondoka, na hakikupata kwa siku zote nne.

Mkasa wa kwanza wa kweli ulitupata Adventdalen, kabla hatujamaliza hata saa moja ya mwendo, na ninaueleza kwa kirefu kwa sababu ndio unaotenganisha bahati mbaya na uzembe. Injini ya pikipiki ya theluji hupozwa kwa maji kama ya gari, lakini haina rejeta ya mbele inayopigwa na upepo. Maji yake hupita katika mabomba bapa ya alumini yaliyo chini ya kiti, na kinachoyapoza ni theluji inayorushwa juu na mnyororo wa raba, ule unaozunguka chini kama wa katapila. Theluji hiyohiyo ndiyo inayolainisha reli za plastiki ambazo mnyororo huteleza juu yake. Sasa fikiria bonde zima limegeuka sakafu ya barafu ngumu baada ya mvua: mnyororo hauna cha kurusha, maji hayapoi, plastiki inajisaga kavukavu. Taa nyekundu iliwaka mbele yangu, na muda mfupi baadaye nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua, ile ile ya mfuko wa rambo uliotupwa jikoni karibu na jiko la mkaa. Nilipoangalia nyuma, pikipiki nyingine mbili zilikuwa zimesimama.

Dawa ya hali hiyo inajulikana na ni ya bei ndogo. Ni waya mbili ngumu za chuma zinazofungwa kwenye reli, moja kila upande, zinazokwaruza barafu na kurusha vumbi lake kwenye mabomba. Kati ya pikipiki tano za wageni, mbili tu zilikuwa na waya zote mbili zikiwa nzima. Yetu ilikuwa na moja iliyokatika, na nyingine mbili hazikuwa na chochote isipokuwa matundu ya skrubu. Kampuni ilijua mvua imenyesha, na karakana ilikuwa na asubuhi yote ya kufunga waya mpya wakati sisi tumekaa humohumo tukisubiri upepo utulie. Badala yake, kazi ile ilifanywa na kiongozi kwa koleo: kila baada ya kilomita chache tulisimama, akatafuta theluji laini penye kivuli cha ukingo wa mto, akaijaza juu ya mabomba, tukasubiri taa izime, tukaondoka. Mwendo ambao kwa kawaida ni wa saa mbili au tatu hadi kambini Sassendalen ulitumaliza hadi karibu saa nne usiku. Mahema tuliyasimamisha katika mwanga wa jioni uliokwisha kufifia, na waya wa fataki za kumtisha dubu ukazungushwa kambi kwa taa za kichwani. Chakula kilikuwa cha pakiti, kile kilichokaushwa kinachomiminiwa maji ya moto. Sina la kukisifia wala la kukilaumu.

Zamu ya dubu niifafanue kidogo, kwani imenibaki kichwani kuliko mambo mengi yaliyokuwa kwenye tangazo. Usiku kila mtu mzima hukesha saa moja nje ya mahema, anatembea taratibu na kutazama pande zote, na akiona chochote kinachosogea anamwamsha kiongozi, ambaye ndiye mwenye bunduki na bastola ya fataki. Tangu mwaka 2025 sheria inataka watu wakae angalau mita 300 kutoka kwa dubu mweupe, na mita 500 kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 30 Juni, kwa hiyo anayekuja kwa tamaa ya picha za karibu abaki nyumbani. Katika zamu yangu niliona kulungu wawili wa Svalbard, wafupi wa miguu na wanene, wakikwangua barafu kwa kwato wapate kufikia majani. Mvua iliyotukwamisha sisi ndiyo iliyokuwa imewafungia wao chakula.

Siku ya pili tulifika ufukweni Tempelfjorden, karibu na Fredheim, nyumba ya mwindaji Hilmar Nøis, ambayo mwaka 2015 ilisogezwa nyuma kwa sababu bahari ilikuwa inaila ardhi iliyo mbele yake. Hapo kiongozi alituzimisha mashine, akachukua keekee ndefu ya barafu, akatangulia kwa miguu. Niliomba kumfuata na akanikubalia, kwa sharti la kukanyaga alipokanyaga. Tulivuka kwanza ufa unaofuata ukingo wa pwani, mahali barafu inapovunjika kila siku kwa kupanda na kushuka kwa maji. Tundu la kwanza lilitoa vipande vikavu vyeupe, na kipimo kikasoma sentimita 40. La pili, mwendo wa dakika mbili mbele, lilitoa barafu ya kijivu yenye majimaji, sentimita 25. La tatu hakulimaliza. Alipotua mguu theluji ilizama kwa sauti ya kunyonya, buti likaacha shimo, na shimo likajaa maji ya chumvi ambayo hayakuganda, yakawa kama uji uliopozwa.

Alinieleza tukiwa tumesimama palepale. Theluji nzito inapolala juu ya barafu ya bahari hufanya mambo mawili kwa mpigo: huizuia isipate baridi ya kuiongezea unene, na huibonyeza kwa uzito wake mpaka maji ya chini yapenye kwenye nyufa na kujikusanya juu yake, chini ya theluji, mahali ambapo jicho haliyaoni. Tena barafu ya bahari, kwa sababu ya chumvi iliyomo, haina ugumu wa barafu ya ziwani. Mtu mmoja kwa miguu huenda angepita. Pikipiki sita, mbili kati yake zikivuta sleji zilizojaa madumu ya petroli na mahema, zingekwama katikati, na kuivuta mashine iliyozama kwenye uji ule huku barafu ya chini yake ikiwa sentimita kumi na kitu ni jambo ambalo hakuwa tayari kulijaribu. Tulirudi kwa nyayo zetu zilezile. Aliliambia kundi kwa sentensi mbili, bila kuomba radhi kupita kiasi na bila kuuliza maoni, kwamba hatuvuki na kwamba Pyramiden haipo tena kwenye ratiba.

Mgeni mmoja katika kundi letu alikasirika na kutaja bei aliyolipa. Mimi nilikuwa nimeliona shimo lile, na ninaandika hapa kwamba uamuzi ule ndio huduma bora kuliko zote tulizopewa kwa siku nne. Shemeji, ambaye ni mtu wa bahari na amekwisha kurudi bandarini mara nyingi chombo kikiwa tupu, alimwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Dada, nahodha akisema turudi, tunarudi." Nadhani kiongozi alifurahi kuitwa nahodha.

Siku ya tatu tuliamua kuelekea pwani ya mashariki bila kupitia Pyramiden. Juu ya barafuto theluji ilikuwa ya kutosha na mashine zikapoa vizuri. Hapa tatizo ni nyufa, ambazo theluji ya majira ya baridi huzifunika kwa madaraja yanayoweza kuwa na unene wa mita au wa kiganja. Kiongozi alikuwa na njia yake kwenye kifaa cha setilaiti, lakini hakuiamini moja kwa moja. Baadhi ya barafuto za Svalbard hutulia kwa miaka mingi kisha huanza kukimbia ghafla na kupasukapasuka kila mahali, kwa hiyo njia iliyokuwa salama zamani inaweza kuwa na mashimo leo. Tulitakiwa kufuata alama ya mashine yake bila kuikosea hata kwa upana wa mnyororo, na mtu asishuke kwenye kiti kabla hajaruhusiwa.

Katikati ya mpando, beliti ya pikipiki yetu ikakatika. Beliti ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye mnyororo, na kukatika kwake ni jambo la kawaida kabisa, ndiyo maana kila mashine hubeba ya akiba chini ya boneti. Nasi tulikuwa nayo, mpya, ndani ya karatasi yake, ila ilikuwa ya mashine ya aina nyingine, fupi kwa vidole vitatu. Kiongozi aliitazama, akaikunja, akairudisha mahali pake bila kusema neno. Kisha akatoa ya kwake mwenyewe, ambayo kwa bahati ilikuwa ya aina yetu, na kabla ya kuifunga aliitia ndani ya ovaroli, kifuani, akakaa nayo kama robo saa ili raba ilainike. Aliifunga kwa mikono mitupu, akiingiza vidole kwapani kila baada ya muda.

Wakati huohuo wingu likatushukia. Mbingu na theluji vikawa rangi moja, kivuli kikapotea, na mtu aliyesimama hatua kumi mbele akaonekana kama ananing'inia hewani. Katika weupe ule huwezi kujua kama mbele yako pana mteremko, ukuta au shimo, na juu ya barafuto hakuna anayejaribu kubahatisha. Kiongozi alipanga pikipiki kukinga upepo, akafunua mfuko mkubwa wa nailoni wa rangi ya chungwa, akatuingiza sote humo, tukakaa tumebanana mgongo kwa mgongo na chupa ya chai ikizunguka. Tulikaa saa mbili na nusu. "Shemeji," aliniambia yule wa Tanga kutoka upande wa pili wa gunia, "usimwambie dada kwamba tulilipa fedha zote zile kuja kukaa ndani ya kiroba."

Wingu lilipoinuka tulifika ufuo wa Mohnbukta, tukaona kwa mbali ukuta wa barafu na barafu ya bahari ikienda mashariki hadi macho yanapokoma. Tuliona nyayo za dubu, pana kuliko helmeti yangu, zikiwa zimeanza kujaa theluji. Tulikaa dakika 20. Kiongozi hakuwa na beliti nyingine ya akiba ya aina yetu, na kubaki kwa muda mrefu zaidi upande ule, mahali simu haishiki na msaada ni helikopta, kungekuwa kuongeza hatari juu ya hatari. Siku ya nne tulirudi Longyearbyen bila mkasa, isipokuwa kidole changu gumba cha mkono wa kulia, ambacho hadi leo kinawasha kikipata baridi.

Sasa fedha. Tulilipa zaidi ya kroni 30,000 kila mmoja. Masharti yanasema wazi kwamba mabadiliko yanayosababishwa na hali ya hewa au barafu hayarudishiwi chochote, na hilo nililikubali nilipotia saini na ninalikubali hata sasa: upepo, mvua, wingu na uji wa Tempelfjorden si deni la mtu. Nilichodai ni fidia ya yale yaliyoharibiwa na karakana, yaani nusu siku ya Adventdalen na Sassendalen kwa ajili ya waya ambazo hazikufungwa, na ziara ya pwani ya mashariki iliyokatishwa kwa beliti isiyo yake. Niliambatanisha picha za matundu ya skrubu. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na lilianza kwa kunikumbusha kwamba Aktiki haitabiriki. Niliwaandikia tena kwamba urefu wa beliti unatabirika, unaandikwa kwenye karatasi yake.

Kwa anayetaka kwenda, kuna mambo machache ya kuuliza ofisini kabla ya kulipa: barafu ya fyodi ikoje wiki hiyo na njia mbadala ni ipi, nani alizikagua mashine na lini, kama kila moja ina waya za kukwaruzia barafu, na kama unaweza kuoneshwa beliti ya akiba. Fungua boneti mwenyewe ukisharuhusiwa. Muulize pia kiongozi ni nani na amefanya kazi hiyo kwa misimu mingapi, kwa sababu kampuni hii ina viongozi wanaopishana na sisi tulipangiwa kwa bahati tu. Nimetoa nyota tatu kati ya tano. Zote tatu ni za yule binti, na ofisi niliiandikia hivyo.

Barua yao ya mwisho imeniletea hati ya punguzo la asilimia 20 kwa safari nyingine ya msimu ujao, jambo ambalo sikuliomba na ambalo bado sijalijibu. Shemeji, aliyekwisha kurudi Tanga, amepiga simu mara mbili kuuliza kama hati hiyo inabeba watu wawili.